Madoa hayaondoki na uso unawaka: ni viambato gani hasa vimethibitishwa?

Swali: Daktari, salaam. Nina miaka 41, ngozi yangu ni ya kahawia iliyokolea. Nina madoa mashavuni yaliyoachwa na chunusi, na tangu nilipopata mimba ya mtoto wa pili nina weusi kwenye paji la uso na juu ya mdomo. Kwa miezi minne natumia vitamini C na nayasinamidi asubuhi, na usiku asidi ya kojiki, asidi ya glaikoliki na retinoli. Uso unawaka, madoa yako palepale, na mengine naona yamekolea. Seramu mojawapo imeandikwa "imethibitishwa kitaalamu kuzuia tairosinezi kwa asilimia 90". Utafiti huo upo kweli? Rafiki yangu ananiambia ngozi nyeusi haihitaji sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, wala haizeeki. Nifuate lipi?

Jibu: Dada yangu, umeuliza mambo kadhaa kwa mkupuo, ila yamefungamana. Utafiti wa tairosinezi, kimeng'enya cha kutengeneza rangi ya ngozi, huenda upo kweli, lakini haukufanyika kwenye uso wa mtu. Kuwaka kwa uso wako si ishara kwamba dawa inafanya kazi. Nikisoma ulivyoeleza, huko kuwaka ndiko ninakokushuku kwanza kwa madoa kukolea. Sanskrini unaihitaji, tena ya aina ambayo wengi hawaijui. Na ngozi nyeusi huzeeka, ila kwa utaratibu wake.

Tuanze na ile asilimia 90, maana ndiyo inayouza chupa. Rangi ya ngozi hutengenezwa na melanosaiti, seli zinazokaa kwenye safu ya chini kabisa ya ngozi ya juu. Kila melanosaiti ina matawi, na kwa matawi hayo huzigawia seli jirani, zipatazo 36, vifuko vyenye melanini, yaani rangi yenyewe. Seli jirani ikishapokea vifuko hivyo huvikusanya juu ya kiini chake kama mwavuli, ili mionzi isiifikie DNA iliyo ndani. Idadi ya melanosaiti kwa mtu mweusi na mtu mweupe haitofautiani sana. Kinachotofautiana ni ukubwa wa vifuko, wingi wa melanini iliyomo, na muda vinavyodumu kabla ya kumeng'enywa.

Kazi hiyo yote inaanzishwa na tairosinezi, kimeng'enya chenye madini ya shaba ndani yake, kinachoigeuza amino asidi iitwayo tairosini hadi ikaja kuwa melanini. Ukikizuia, melanini inapungua. Mpaka hapo mtengenezaji hajasema uongo. Tatizo ni kwamba tairosinezi inayotumika kwenye vipimo vingi vya maabara si ya binadamu. Ni ya uyoga, ule ule wa kuliwa. Inapatikana kwa urahisi na bei yake ni nafuu. Mtafiti anaiyeyusha kwenye kisahani, anaitilia tairosini, anadondosha kiambato anachokipima, kisha anaangalia mchanganyiko umechelewa kiasi gani kuwa mweusi. Ni kazi ya saa chache, na inampa namba inayopendeza kuandikwa kwenye boksi.

Mwaka 2018 watafiti wa kampuni ya Beiersdorf ya Ujerumani walichapisha kazi iliyonikosha. Walitengeneza tairosinezi ya binadamu, wakaipima dhidi ya viambato 50,000. Asidi ya kojiki ikaonekana dhaifu. Abutini na haidrokwinoni, viambato vingine vya kufifisha madoa, zikaonekana dhaifu zaidi. Kilichoshika ni kiambato kipya walichokiita Thiamidol. Sasa, hao hao ndio wanaokiuza, kwa hiyo isome habari hii kwa jicho la mnunuzi. Hata hivyo funzo la kwamba kimeng'enya cha uyoga na cha binadamu havifanani lina uzito hata kama hutanunua bidhaa yao.

Lakini ona kichekesho kilichopo hapo. Haidrokwinoni ilishindwa kwenye kisahani chenye kimeng'enya cha binadamu, na bado kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa kipimo cha kila dawa nyingine ya madoa, kwa sababu kwenye uso wa mtu inafanya kazi. Inawezekanaje? Tairosinezi huichukua haidrokwinoni kama inavyochukua chakula chake cha kawaida, ikaigeuza kuwa kemikali zenye sumu, na sumu hiyo inaidhuru melanosaiti kutoka ndani. Kwa maneno mengine, kisahani cha maabara kinaweza kukudanganya pande zote mbili: kikasifu kisichofaa na kikadharau chenye nguvu. Ndiyo maana nikiona namba ya kimeng'enya kwenye boksi huwa naipita tu. Nataka kujua viambato vilipakwa usoni kwa nani, kwa wiki ngapi, kwa asilimia gani, na wenzao kwenye kundi la kulinganisha walipakwa nini.

Hilo la sumu kutoka ndani lina historia ambayo kila mpenda seramu angepaswa kuijua. Mwaka 1939 madaktari wa Marekani walieleza kisa cha wafanyakazi wa kiwanda cha kusindika ngozi za wanyama, ambao mikono yao ilianza kutoka mabaka meupe. Walipochunguza, wakakuta chanzo ni glavu za mpira walizovaa. Mpira ule ulikuwa umetiwa kemikali ya kuuzuia usichakae, nayo ni ndugu wa haidrokwinoni. Kwa baadhi yao rangi ilipotea hata mahali ambapo glavu haikugusa. Hawakuwa wanatafuta weupe, walikuwa kazini.

Ungedhani baada ya kisa kama hicho jambo hilo haliwezi kujirudia. Mwaka 2013 kampuni ya Kanebo ya Japani ililazimika kuziondoa sokoni bidhaa zake zenye kiambato kiitwacho rododendroli. Kilikuwa kimepimwa, kina idhini ya serikali, na kinauzwa kama cha kung'arisha ngozi. Watumiaji zaidi ya 19,000 walijitokeza wakiwa na mabaka meupe usoni, shingoni na mikononi. Wachunguzi walikuta jambo lile lile: tairosinezi inakigeuza kiambato kuwa sumu inayoiua melanosaiti. Wengi rangi ilirudi baada ya kuacha, wengine haikurudi yote. Kwa hiyo unapoambiwa kiambato fulani "kinaishambulia tairosinezi", swali la maana si kinaishambulia kwa nguvu kiasi gani. Swali ni melanosaiti inabaki salama au la.

Haidrokwinoni yenyewe bado ni dawa, na mimi huiandika kwa wagonjwa wachache, kwa miezi michache, halafu tunaiacha. Imechafuliwa vibaya na historia yake: mwaka 1975 G. H. Findlay na wenzake wa Afrika Kusini walieleza weusi wa kibuluu, mgumu kama mchanga chini ya vidole, uliowatokea mashavuni waliopaka krimu za haidrokwinoni kwa muda mrefu. Hali hiyo inaitwa okronosisi. Rangi inajikusanya chini, kwenye nyuzi za ngozi ya ndani, ambako krimu haifiki. Mgonjwa akiona weusi unaongezeka anaongeza krimu, na krimu ndiyo inayoongeza weusi. Afrika Kusini iliipiga marufuku kwenye vipodozi mwaka 1990, Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2001, na Marekani ikaiondoa kwenye mauzo yasiyo na cheti cha daktari mwaka 2020.

Steroidi kali kama klobetasoli, na zebaki, sitavitolea hotuba ndefu. Steroidi hung'arisha uso ndani ya wiki, kisha ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi zinafumuka, na ukiacha ghafla uso unawaka kuliko mwanzo. Zebaki huharibu figo. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana mwaka 2023 kwamba vipodozi vyenye zebaki, hata kiasi kidogo, viishe kufikia mwaka 2025. Ukiona kwenye kopo neno "kalomeli", au ukiona mkorogo usio na orodha yoyote ya viambato, usiupake hata nyuma ya kisigino.

Sasa uso wako. Umeniandikia kwamba unawaka, kisha ukaendelea na sentensi nyingine kana kwamba ni jambo dogo. Kwenye ngozi nyeupe mwasho wa namna hiyo ungeonekana: mashavu yangekuwa mekundu na mtu angestuka. Kwenye ngozi yetu wekundu unajificha. Unaonekana kama weusi wa zambarau kidogo, au hauonekani kabisa, unasikika tu kama joto na ngozi kuvuta baada ya kunawa. Lakini kemikali za mwasho zinazotolewa na seli zilizoumia zinaifikia melanosaiti vile vile, na melanosaiti ya ngozi iliyokolea huzijibu kwa kumwaga melanini. Hivyo ndivyo chunusi zilivyokuachia madoa. Na hivyo ndivyo asidi mbili pamoja na retinoli kwa usiku mmoja zinavyoweza kukutengenezea mapya. Ile kauli kwamba dawa ya moto ni moto haifai hapa.

Jambo la kufanya kesho ni kusimama na kioo karibu na dirisha, mchana, bila taa na bila kipodozi. Tazama madoa ya mashavuni moja moja. La kahawia lenye ukingo unaoeleweka, lililokaa pale pale palipokuwa na chunusi, lina melanini kwenye ngozi ya juu, na hilo huitikia krimu. Lenye rangi ya kijivu au kibuluu lina melanini iliyodondokea ngozi ya ndani, ambako huliwa polepole na seli za kinga. Hilo linaweza kuchukua zaidi ya mwaka, na hakuna seramu ya kuliharakisha sana. Kisha tazama paji la uso na juu ya mdomo. Ukiona mabaka yanayofanana kulia na kushoto, yenye kingo kama ramani, hayo pengine ni melasma, ugonjwa mwingine kabisa. Melasma huchochewa na homoni za mimba, baadhi ya vidonge vya uzazi, urithi, na mwanga. Madoa ya chunusi yakifutika yamefutika. Melasma hutulizwa, na hurudi ikichokozwa. Ukiyachanganya haya mawili utailaumu krimu nzuri kwa kosa ambalo si lake.

Nimetaja mwanga, sikutaja jua peke yake, na nina sababu. Rafiki yako hajakosea kabisa. Mwaka 1979 Kaidbey na wenzake walipima ngozi ya juu ya watu weusi wakakuta kinga yake ya asili dhidi ya mionzi inayounguza ni kama SPF 13.4, wakati ya weupe ni 3.4. Kwa hiyo saratani za ngozi zinazotokana na jua ni adimu kwetu, na ngozi hairuki malengelenge kwa kutembea saa moja mchana. Lakini namba ya SPF hupima kitu kimoja tu, ngozi kuungua. Haipimi ngozi kupiga weusi.

Mwaka 2010 timu ya hospitali ya Henry Ford huko Detroit ilimulika migongo ya watu kwa mwanga wa kawaida, huu tunaouona kwa macho, usio na urujuanimno (mionzi ya jua isiyoonekana) wa maana ndani yake. Kwenye ngozi za kahawia na nyeusi rangi ilikolea na ikadumu. Kwenye ngozi nyeupe haikutokea kitu. Miaka minane baadaye watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba melanosaiti ina kipokeo chake cha mwanga wa buluu, opsini-3, jamaa ya vipokeo vilivyomo machoni. Nadhani unaona tatizo: sanskrini ya kawaida iliyo angavu, hata ya SPF 50, imetengenezwa kuzuia urujuanimno, na mwanga wa buluu unapita humo bila kizuizi.

Kinachouzuia ni rangi. Oksidi za chuma, zile zile zinazofanya fandesheni iwe ya kahawia, njano au nyekundu, hunyonya mwanga unaoonekana. Mwaka 2014 huko Mexico wagonjwa wa melasma walitibiwa wote kwa haidrokwinoni ya asilimia 4, ila kundi moja lilipewa sanskrini ya kawaida na jingine sanskrini yenye oksidi za chuma. Kundi la pili lilipona vizuri zaidi, na tofauti ilikuwa hiyo tu. Kwa hiyo mtu mwenye melasma na ngozi kama yako atafute sanskrini yenye rangi inayokaribia ya uso wake, na kwenye orodha ya viambato kuwe na oksidi za chuma. Kuna faida ya pili ndogo: haiachi ule uso wa majivu unaowafanya wengi waitupe sanskrini siku ya pili.

Na upake ya kutosha. Maabara hupima SPF kwa miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba. Watu wengi hupaka nusu yake au chini zaidi, kwa hiyo SPF 50 ya kwenye chupa si unayotembea nayo barabarani. Uso na shingo vinahitaji mistari miwili iliyojaa, mmoja kwenye kila kidole cha shahada na cha kati, kutoka kwenye shina hadi ncha. Ukipaka mara ya kwanza utaona ni nyingi kupita kiasi. Ndiyo kipimo. Ila usihangaike na mwanga wa simu na kompyuta. Ni hafifu mno ukilinganisha na wa nje, na krimu za "kukinga mwanga wa skrini" ni za kukuchomoa pesa.

Kuhusu kuzeeka, ngozi ya ndani hushikiliwa na kolajeni, na utafiti wa Uingereza wa mwaka 1975 ulikadiria kwamba mtu mzima hupoteza kama asilimia 1 kila mwaka, awe mwanamume au mwanamke. Jua huongeza kasi. Gary Fisher na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha mwaka 1996 na 1997 kwamba kiasi kidogo cha urujuanimno, kisichofika hata cha kuunguza, huamsha vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni. Jarida la tiba la New England mwaka 2012 lilichapisha picha ya dereva wa lori wa miaka 69: upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa ukipigwa na jua la dirishani kwa miaka 28, umejaa mikunjo na mabonge, upande wa kulia una umri wake wa kawaida. Ni mwanamume mweupe. Kwa ngozi iliyokolea mikunjo huchelewa, mara nyingi kwa miaka kumi hivi. Kinachotangulia ni rangi kutolingana, yaani madoa na vivuli. Kwa hiyo unapohangaikia madoa ukiwa na miaka 41, unahangaikia pia kuzeeka, hata kama hujaona mkunjo.

Ushahidi mzuri kuliko wote wa kuzuia kuzeeka haukutoka kwenye seramu. Huko Nambour, Queensland, Australia, watu wazima 903 waligawanywa kwa kura: wengine wapake sanskrini kila siku, wengine waendelee na mazoea yao. Baada ya miaka minne na nusu, alama za kuzeeka kwa ngozi zilikuwa chini kwa asilimia 24 kwa waliopaka kila siku. Katika utafiti huo huo wengine walipewa vidonge vya beta-karotini, na havikusaidia. Washiriki walikuwa hasa weupe, hilo usilisahau, lakini ni nadra sana kipodozi kupimwa kwa watu wengi hivyo, kwa muda mrefu hivyo, na kwa kura.

Baada ya sanskrini ni tretinoini, asidi ya vitamini A inayotolewa kwa cheti. Mwaka 1993 Griffiths na wenzake walikuta kolajeni mpya imeongezeka kwa asilimia 80 kwenye ngozi iliyopakwa tretinoini karibu mwaka mzima, na kwa waliopakwa krimu tupu ilipungua. Mwaka huo huo, na hili ndilo linalokuhusu, Bulengo-Ransby na wenzake waliipima kwa wagonjwa weusi wenye madoa ya baada ya chunusi na majeraha. Madoa yalififia. Lakini ilichukua wiki 40, na nusu hivi ya waliotumia dawa walipata mwasho. Yaani hata dawa iliyothibitishwa kwa watu wa ngozi yako inaunguza, na inafaa iende polepole.

Retinoli unayoitumia ni binamu yake. Ngozi huigeuza kwa hatua mbili kuwa asidi hiyo hiyo, kwa kiasi kidogo, ndiyo maana ni laini zaidi na dhaifu zaidi. Inafanya kazi. Umoja wa Ulaya mwaka 2024 uliweka kikomo cha asilimia 0.3 kwenye bidhaa za uso, na asilimia 1 kwa asidi ya kojiki, kwa hiyo chupa inayojisifia asilimia 2 ya retinoli isikutie tamaa. Bakuchioli, kinachouzwa kama mbadala wa mmea, kina utafiti wa mwaka 2019 wa watu 44 kikilinganishwa na retinoli, na vilikaribiana. Tatizo hakukuwa na kundi lililopakwa krimu tupu, na krimu tupu yenye unyevu peke yake hupunguza mikunjo midogo. Nimeona matangazo mengi yaliyosimama juu ya unyevu tu.

Nayasinamidi ni kiambato ninachokiamini, kwa sababu hakigusi tairosinezi. Utafiti wa Hakozaki wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kinapunguza vifuko vya melanini kuhama kutoka melanosaiti kwenda kwa jirani. Kwenye uso wa watu asilimia 5 ilitosha; asilimia 10 na 20 zinazouzwa siku hizi mara nyingi huongeza mwasho tu. Vitamini C halisi, asidi askobiki, hupenya ngozi pale tu asidi yake ikiwa kali, pH chini ya 3.5, na huharibika kwa hewa na mwanga. Ikishakuwa rangi ya chai imekufa. Kolajeni ya kupaka haipenyi kabisa: uzito wa molekuli yake moja ni kama daltoni 300,000, wakati kinachopita ngozi nzima kwa kawaida hakizidi 500 hivi. Inalainisha juu, basi.

Kwako ningefanya hivi. Acha yote kwa wiki nne. Nawa kwa sabuni laini isiyo na manukato, paka krimu ya unyevu isiyo na manukato, asubuhi sanskrini yenye rangi. Usikwaruze, usitumbue chunusi. Uso ukiacha kuwaka, ongeza kitu kimoja, asidi ya azelaiki. Kwenye majaribio ya melasma ile ya asilimia 20 ilikaribiana na haidrokwinoni ya asilimia 4. Inatibu na chunusi, na haina hatari ile ya okronosisi. Anza siku moja ukiruka moja. Baada ya wiki sita za utulivu, rudisha retinoli usiku mbili kwa wiki, juu ya krimu ya unyevu, kisha uongeze taratibu. Nayasinamidi inaweza kurudi asubuhi. Asidi ya kojiki na ya glaikoliki ziache. Kojiki inajulikana kwa kuleta mzio, na glaikoliki hapo ulipo ni kuchokonoa kidonda. Piga picha mahali pamoja, saa ile ile, kila baada ya wiki nne, na usihukumu kabla ya wiki 12. Kioo cha kila asubuhi hakitakuonyesha kitu.

Unapofika dukani, geuza chupa. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi hadi asilimia 1, na chini ya hapo mtengenezaji anaruhusiwa kuvipanga apendavyo. Kiambato kilichochorwa kwa herufi kubwa mbele, halafu nyuma kikakutwa baada ya manukato na vihifadhi, kiko humo kwa ajili ya picha.

Kama unatarajia mimba tena, retinoli, tretinoini na haidrokwinoni ziondoke. Asidi ya azelaiki inaweza kubaki. Kama unatumia vidonge vya uzazi, mwulize anayekuandikia kama kuna njia nyingine, kwa sababu melasma nyingine haziendi popote mpaka homoni ibadilike. Asidi ya traneksamiki ya kumeza inasaidia melasma sugu: kwenye jaribio la mwaka 2018 miligramu 250 mara mbili kwa siku kwa miezi mitatu ilipunguza kipimo cha ugonjwa kwa asilimia 49, na vidonge bandia kwa asilimia 18. Lakini dawa hiyo kazi yake ya asili ni kuzuia damu kutoka, kwa hiyo mwenye historia ya damu kuganda mishipani haipati, na haimezwi kwa ushauri wa jirani. Sindano za glutathioni za kung'arisha mwili usiziguse.

Na weusi mwingine haupakwi krimu yoyote kabla ya kuonwa na daktari: weusi mnene kama mahameli shingoni na kwapani, ambao mara nyingi huashiria mwili kushindwa kuitumia insulini, na doa linalokua au kubadilika umbo kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha. Saratani ya melanoma ikimpata mtu mweusi hupenda kuanzia huko, mahali ambapo jua halifiki.